Mawe Yaliyopita Motoni

Venanti Hatungimana alikuwa mhunzi na alikuwa mtu wa wivu, na yote mawili aliyapata kwa baba yake. Uhunzi alikabidhiwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Wivu aliunyonya taratibu, kwa kuwa baba yake alikuwa na wake wawili na hakuwahi kujua namna ya kuwapenda sawa.

Mke mkubwa alimzaa Venanti, mke mdogo akamzaa Leonidasi. Nyumba zao zilitenganishwa na migomba tu, na kutoka huku ungeweza kunusa kinachopikwa kule. Nani kapelekewa nyama kwanza, nani kashonewa shati la Krismasi, nani kaitwa akae karibu na mzee jioni: watoto wale walikua wakihesabiana hata matonge. Mzee alipoona mwili umechoka aliwaita wote wawili akagawa alichokuwa nacho. Venanti akapewa nyundo. Leonidasi akapewa shamba linaloitwa Mabuye, neno ambalo kwa Kiha maana yake ni mawe, na kweli mawe ndiyo yaliyokuwa yakistawi pale.

Nyundo yenyewe haikuwa na mpini. Ilikuwa pande la chuma kitupu, nene kichwani na jembamba pa kushikia, na aliyeifua ni babu yao, kwa chuma alichokiyeyusha mwenyewe kutoka kwenye mawe ya nchi ya Buha, kabla majembe ya dukani hayajafika. Mzee alipoitoa aliishika kwa mikono miwili.

"Nyundo hii haikai kwa mtu anayedanganya kwa chuma," alimwambia Venanti. "Ukimuuzia mtu jembe lenye ufa na wewe unaujua huo ufa, nyundo si yako tena. Ndugu yako atakuja kuichukua, na wewe utanyamaza."

Leonidasi alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, masikio wazi. Venanti aliitika, akaibeba nyundo, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyakumbuka maneno yale.

Ilikuwa miaka mizuri kwa Venanti. Banda lake la uhunzi lilikuwa kando ya njia itokayo Kitanga kwenda Kasulu mjini, na pale alifua majembe, mapanga na mashoka kwa springi za magari mabovu. Watu walitoka mbali, hata Heru Juu, wakiwapita wahunzi wengine njiani. Leonidasi alilima maharage katikati ya mawe yake huko Mabuye, akivunja jembe kila msimu, na kila msimu alilileta kwa kaka yake. Venanti alimtengenezea bure, na alihakikisha kijiji kizima kinajua kuwa ni bure. Mtu akiuliza Leonidasi ni nani, aliambiwa, "Ni mdogo wake yule mhunzi." Venanti alilipenda jibu hilo kuliko pombe ya ndizi.

Kisha kiangazi cha mwaka 2013 gari la kampuni ya utafiti wa madini likapandisha kilima, likasimama Mabuye.

Aliyeshuka kwanza alikuwa msichana mwembamba aliyejitanda mtandio wa kijani, mwenye lafudhi ya Tanga, jina lake Nasma. Alikuwa mjiolojia, mtaalamu wa miamba. Kiunoni alining'iniza nyundo, na hiyo nyundo ilizungumzwa kijijini wiki nzima, maana katika ukoo wa wahunzi mwanamke hata kuiruka nyundo hakuruhusiwa, sembuse kuivaa. Nasma hakuwa na habari. Alipiga jiwe la Mabuye, akatazama ndani lilipopasuka, akapiga jingine. Mawe yale yalikuwa meusi kwa nje na mekundu kwa ndani, mazito kuliko yanavyoonekana. Wazee waliyaita ubutare, mawe ya chuma.

Akauliza shamba ni la nani. Leonidasi akaitwa, akaja mbio, mikono bado ina udongo.

Tangu siku ile Leonidasi akawa kiongozi wa wale watafiti, mtu wa kuwaonyesha njia, vijito na mipaka. Wakampa viatu vya mpira na kofia ngumu ya njano. Viatu Venanti angeweza kuvivumilia. Kofia ndiyo iliyomkaa kooni. Leonidasi aliivaa akienda kisimani, akaivaa akienda kukata kuni, na Jumapili akaivaa kwenda kanisani. Mlangoni aliivua kwa adabu, akaipakata muda wote wa Misa, na watoto wa benchi la mbele wakawa wanageuka kuitazama badala ya kumtazama padri. Kwa kweli Leonidasi alikuwa anajishaua, hilo hata mkewe alilikubali. Lakini ni kujishaua kwa mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa na cha kujishaulia.

Mara moja wakampakia garini hadi Kibondo, walikopanga nyumba ya kuhifadhia mawe yao. Alirudi mwekundu kwa vumbi la barabara na midomo haimtulii.

"Kaka, kule wana masanduku kwa masanduku ya mawe marefu, mviringo, kama mihogo iliyomenywa," alimwambia Venanti pale bandani. "Mashine inatoboa ardhi, inayatoa chini kabisa. Halafu madamu anayasoma. Hapa pana chuma, hapa pana mchanga wa zamani ulioganda, hapa pana udongo mwekundu. Anasoma kama mtu anayesoma gazeti."

"Wewe ulielewa nini?" Venanti aliuliza bila kuinua macho.

"Nilielewa kwamba Mabuye yangu ni kitu."

Venanti aliipiga springi iliyokuwa mbele yake hata ikakunjika mahali asipotaka. Roho ilimuuma, tena hasa. Yeye ndiye mkubwa. Yeye ndiye mtu wa chuma katika ukoo ule, aliyeungua mikono na kukohoa moshi, na sasa chuma chenyewe kimekwenda kulala kwa mtu asiyejua hata kushika koleo.

Siku ya gulio alikwenda Kasulu kununua tupa kwa Haidari, mwenye duka la vifaa karibu na stendi. Haidari alikuwa amemuuzia tupa tangu duka lile halijapigwa rangi. Siku hiyo alimtazama kwa namna mpya, akatabasamu.

"Mzee Venanti, kumbe wewe ni ndugu yake yule bwana mwenye kilima cha chuma? Mbona hukusema siku zote? Naambiwa ameula."

Venanti alisahau hata kuomba apunguziwe bei. Alipanda bodaboda, na njia nzima dereva alikuwa anamsemesha na yeye hasikii. *Ndugu yake yule bwana.* Alijaribu kujiambia kuwa ni maneno ya duka tu, yakagoma kushuka.

Nyumbani mkewe, Esteri, alimwona usoni kabla hajashuka vizuri.

"Baba Claudine, nani kakukanyaga?"

"Hakuna."

"Basi ni kofia," Esteri alisema, akaendelea kupepeta maharage. Huyu mama alikuwa na ulimi mfupi na mkali, na kwa miaka yote ya ndoa alikuwa hajawahi kumwonea haya mumewe. "Ungewaomba wakupe na wewe moja, yaishe."

Lakini kofia ya kuombwa ingemsaidia nini? Venanti alitaka waje wenyewe. Alitaka lile gari lisimame kwenye shamba lake, yule binti apige magoti kwenye udongo wake, na watu waone kwamba chuma kilimjua mkubwa ni nani. Alikuwa na shamba zuri la mihogo nyuma ya nyumba, udongo laini usio na kokoto hata moja. Mwaka mwingine wowote angejivunia hilo.

Ndipo akakumbuka kichaka cha babu.

Chini kule, karibu na kijito, palikuwa na mahali ambapo babu yao alikuwa na tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma. Tanuri lilishabomoka zamani, miti ikaota juu yake. Pembeni yake lilibaki rundo la mawe ambayo babu aliyaandaa kwa ajili ya moto wa mwisho, na moto huo haukuwashwa, kwa sababu mwaka ule ule majembe ya kiwandani yalifika na jembe la babu likakosa mtu. Venanti na Leonidasi walipokuwa wadogo walicheza pale, wakiyarusha majini. Yalikuwa mawe mekundu sana, mazito, mazuri kuliko yale ya Mabuye. Venanti aliyawaza kutwa nzima, na kila alivyoyawaza yalizidi kuwa mazuri.

"Unataka kupanda mawe?" Esteri aliuliza alipoambiwa. "Kwenye mihogo yangu?"

"Machache tu. Ya kuwaita."

"Mimi sibebi mawe ya babu yako. Na usije ukaniambia nikulilie."

Jumapili iliyofuata Venanti alilala akilalamika mgongo. Kijiji kizima kilipokwenda Misa, mgongo ukapona. Alitoa baiskeli na gunia, akaenda kichakani, akarudi, akaenda tena, jasho likimtiririka, na sauti ya kwaya ikimfuata kwa mbali. Aliyatawanya mawe yale kati ya mashina ya mihogo, mengine akayafukia nusu kwa mguu ili yaonekane yamezaliwa pale. Mpaka watu wanatoka kanisani alikuwa ameshaoga na kurudi kitandani. Leonidasi alipita kumjulia hali, kofia mkononi.

"Mgongo vipi, kaka?"

"Unauma," Venanti alisema, na hapo hakudanganya.

Mawe yalifanya kazi yake upesi kuliko alivyotumaini. Wiki ile ile Nasma alikuwa anapita na Leonidasi kufuata kijito, akakata njia nyuma ya nyumba ya Venanti, akasimama. Akaokota jiwe. Alikuwa na kalamu yenye sumaku kichwani, kifaa chake cha kila siku, akaisogeza, na kalamu ikanasa jiweni hata akahitaji kuibandua. Kule Mabuye kalamu ile haikuwahi kunasa. Nasma alijaribu jiwe la pili, la tatu, uso ukamchangamka.

"Mzee wangu, haya mawe yalikuwepo hapa siku zote?"

"Tangu enzi za babu," Venanti alisema.

Leonidasi alikuwa ameinama kuokota moja. Aliligeuza mkononi, akalitazama upande ule na upande huu, kisha akalirudisha chini polepole pale lilipokuwa. Venanti alimwona, akashtuka, kisha akajituliza: mtu aliyezoea kuona mawe tu kila siku atatofautishaje jiwe moja na jingine?

Nasma akapiga simu Kibondo. Akarudi akasema atachimba mtaro, mrefu na wenye kina cha mtu, ili auone mwamba uliolala chini.

"Mawe ya juu mimi siyaamini sana," alimweleza Venanti kwa heshima. "Ya juu yanasafiri. Maji yanayasukuma, ng'ombe wanayapiga teke, watu wanayabeba. Natafuta lile lililolala pale pale lilipozaliwa. Likiwa kama haya ya juu, basi shamba lako lina kitu tofauti na cha mdogo wako. Huenda kizuri zaidi."

Kizuri zaidi. Venanti alikula ugali jioni ile kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu kiangazi kianze. Alikuwa hajafikiria mtaro. Alidhani watayatazama mawe, watamvisha kofia, basi. Lakini maneno yale mawili yalimlevya, na mtu aliyelewa hafikirii asubuhi.

Asubuhi vijana wa kijiji walikuja na majembe na sururu, mengi kati ya majembe hayo yakiwa ya mkono wake mwenyewe, wakaanza kung'oa mihogo. Esteri alisimama mlangoni amejifunga khanga kifuani, anatazama. Mihogo ilikuwa bado michanga. Aliingia ndani akafunga mlango.

Walichimba kutwa, na kesho yake wakachimba tena. Nusu ya kijiji ilikuja kutazama. Leonidasi alisimama ukingoni na kofia yake, akijibu tu anapoulizwa, na mara kwa mara macho yake na ya kaka yake yalikutana, na Venanti ndiye aliyeyakwepesha. Udongo mwekundu ulitoka, laini, hauna jiwe hata la kurushia kunguru. Chini yake ukaja udongo wa njano. Chini kabisa sururu ikagonga kitu kigumu, na Venanti akasogea mbele ya wote.

Nasma akashuka mtaroni. Alifagia kwa mkono, akagonga, akanyunyizia maji kidogo. Ulikuwa mwamba wa mchanga, mweupe wenye mistari ya waridi, uliolala tabaka juu ya tabaka.

"Hapa zamani sana palikuwa na maji," alisema, akiwaeleza vijana waliokuwa wameinama kumsikiliza. "Mchanga ukatua chini, ukakandamizwa, ukawa hivi. Chuma hakuna hata cha kutengeneza sindano."

Akapanda juu, akachukua moja ya yale mawe mekundu, akalipasua kwa nyundo yake. Akatazama kwa kioo cha kukuzia kilichokuwa shingoni mwake. Kwenye ufa wa jiwe palikuwa na punje nyeusi. Aliikwangua kwa ukucha, ikamwachia weusi kidoleni. Ilikuwa mkaa.

"Hili jiwe limepita motoni," alisema. "Ndiyo maana sumaku inalipenda. Wahunzi wa zamani walikuwa wanachoma mawe kwanza kwa kuni, yalainike, ndipo wayatie kwenye tanuri. Jiwe la namna ya haya ya kwenu ukilichoma hivyo linageuka, linaanza kushika sumaku. Haya mawe hayakuzaliwa hapa." Akawatazama wote. "Nani aliyaleta?"

Hapo Venanti alijua mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza, kwamba yeye, mhunzi mwana wa mhunzi, mjukuu wa mtu aliyeyeyusha chuma, hakuwahi kujua kuwa babu yake aliyachoma yale mawe kabla ya kuyarundika. Hakuwahi kuuliza. Yeye alifua springi. La pili lilikuwa baya zaidi: alikuwa amedanganya kwa chuma, mbele ya kijiji, na aliyekuwepo kwenye mkeka siku ile amesimama hatua chache kutoka kwake. Neno moja tu la Leonidasi, na nyundo ya babu inahama nyumba.

Leonidasi alivua kofia, akajikuna kichwa.

"Ni mimi, madamu," alisema. "Yale ni ya tanuri la babu yetu, kule chini kichakani. Mimi ndiye nilimwambia kaka ayalete, ayapange yazuie maji ya mvua, yasimkokotee udongo. Nikasahau kukwambia."

"Ulisahau."

"Nilisahau."

"Umesimama hapa tangu jana, watu wanang'oa mihogo ya shemeji yako, na wewe umesahau?"

Leonidasi akainamisha kichwa. Nasma hakuwa mjinga. Aliyatazama mawe yaliyotawanyika ovyo, wakati mawe ya kuzuia maji hupangwa mstari. Akamtazama Venanti, muda wa kutosha. Kisha akamrudia Leonidasi, na sauti yake ilikuwa na huzuni zaidi kuliko hasira.

"Mimi nakwenda kwa maneno ya kiongozi wangu, kaka Leonidasi. Ukinisahaulia jambo kama hili, siwezi kutembea na wewe tena."

Alinyoosha mkono. Leonidasi akampa kofia. Akainama, akavua na viatu vya mpira, akaviweka pamoja ukingoni mwa mtaro, vimeelekea upande mmoja, akaenda zake pekupeku kati ya migomba. Vijana walicheka kidogo, mmoja akasema kibarua kimeota nyasi, wakaanza kurudisha udongo shimoni.

Venanti aliitazama ile kofia chini ya kwapa la Nasma. Ndiyo hiyo aliyoiota kwa wiki nyingi ikitoka kichwani mwa ndugu yake. Sasa imetoka. Alingoja furaha imjie, ikachelewa, akakaa chini kwenye mihogo iliyong'olewa. Esteri alifungua mlango, akamtazama, akaufunga tena.

Baada ya hapo Venanti alimkwepa mdogo wake kama mtu anayekwepa deni. Alipita njia ya nyuma kwenda kisimani, akahudhuria Misa ya kwanza kwa kuwa Leonidasi alipenda ya pili. Mashine ya kutobolea ikaletwa Mabuye, ikanguruma siku kadhaa, na kijana mwingine kutoka Kitanga ndiye aliyekuwa amevaa njano. Habari ikazagaa kabla ya mvua: chuma cha Mabuye kilikuwa ganda tu, kimekaa juu juu, na chini yake ni mchanga ule ule wa zamani kama wa kwa Venanti. Gari likashuka kilima, likaelekea Kibondo, na kilichobaki ni matundu machache yaliyozibwa kwa saruji.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja Venanti alikuwa anawasha mkaa bandani alipomwona Leonidasi anakuja njiani, ameshika kitu mkononi, anatembea kama mtu mwenye shughuli. Akajua siku imefika. Kumbe alikuwa anaingojea. Hakumpa nafasi ya kusalimia. Aliiinua nyundo ya babu kutoka kwenye fuawe, kwa mikono miwili kama baba yao alivyoitoa, akampelekea mlangoni.

"Ichukue," alisema. "Nanyamaza, kama mzee alivyosema."

Leonidasi aliitazama nyundo, akamtazama kaka yake.

"Nimeleta jembe," alisema. "Limevunjika Mabuye."

Na kweli lilikuwa jembe, limepasuka shingoni kama miaka yote. Venanti alibaki ameshika nyundo mikononi, hajui aiweke wapi.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" aliuliza. "Uliyatambua siku ile ile. Nilikuona. Ungesema, hii ingekuwa yako."

"Ego, ndiyo, ingekuwa." Leonidasi aliketi kwenye kigogo cha wateja. Akaondoa udongo kwenye jembe kwa kidole. "Kaka, unajua siku mzee alipokupa hiyo nyundo mimi nililia? Nilikwenda kulilia Mabuye, juu ya yale mawe. Kila nikija hapa na jembe, nikikuona unapiga, nilikuwa nasema moyoni, aharibu, mara moja tu, aharibu. Nikaomba hata kanisani. Miaka yote hiyo. Ile kofia uliyokuwa unaitazama, mimi nilikuwa naivaa ili uione." Akacheka kidogo, bila raha. "Halafu siku ukaharibu kweli, nilikuona umesimama pale ukingoni kama mtoto anayengoja fimbo. Nikashindwa."

Venanti alikuwa ameamini kwa muda mrefu kwamba wivu wote wa ukoo ule ulikuwa wake peke yake.

"Basi chukua," alisema tena, akamsogezea nyundo.

"Sitaki kuichukua. Nataka kupiga," Leonidasi alisema. "Jembe hili moja. Sijawahi kuruhusiwa."

Venanti alifikiri, kisha akampa. Akaenda nyuma ya moto, akachuchumaa, akashika vijiti vya mivukuto, mahali pa mdogo, pa mtu anayejifunza, ambapo hakuwa amekaa tangu baba yao yuko hai. Akavukuta mpaka mkaa ukawa mwekundu, akalitia jembe, akalitoa kwa koleo, akaliweka juu ya fuawe. Leonidasi akasimama, akatanua miguu, akainua nyundo isiyo na mpini.

Mapigo ya kwanza yalikwenda kombo. Kisha mkono wake ukapata njia. Aliacha kutumia nguvu, akaiacha nyundo ianguke kwa uzito wake, anaidaka ikiruka, anaigeuza kidogo, inaanguka tena, na mlio ukatoka safi, wa polepole, wenye pumziko katikati. Esteri alitoka nyumbani na ungo mkononi, akasimama uani anasikiliza. Venanti naye aliutambua mlio ule. Ulikuwa wa baba yao. Yeye mwenyewe alikuwa ameutafuta maisha yake yote na hakuwahi kuupata. Mzee alikufa akimwambia taratibu, taratibu, na yeye aliendelea kupiga kwa hasira.

Wivu ukampanda, ule ule, mzima, hata macho yakamwasha na akaweza kusingizia moshi.

"Vukuta, kaka, chuma kinapoa," Leonidasi alisema.

Venanti akavukuta.